Subaru Legacy ya mwaka 2000 hapa Kigoma: niinunue, na nianze kuitengeneza wapi?

MwalimuWaWikiendi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu. Familia yangu inaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini, lakini kituo changu cha kazi kiko mbele ya Kasulu, kwa hiyo kila Ijumaa jioni hushuka nyumbani na kila Jumapili alasiri hupanda tena. Barabara kuu sina ugomvi nayo. Tatizo ni kilomita 14 za mwisho za udongo mwekundu, ambazo mvua zikianza Novemba hadi zitakapokatika huteleza kama zimemwagiwa mawese, na pikipiki ninayoitumia kwenye kipande hicho imeniangusha mara mbili mbele ya wanafunzi wangu.

Jirani yangu mstaafu anauza Subaru Legacy stesheni wageni ya mwaka 2000, injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, gia otomatiki, namba B (ya usajili wa herufi B). Imekaa chini ya mwembe kwa miezi minane. Inawaka, ila inavuja oili, shokapu za nyuma zimekwisha, kiyoyozi kimekufa, na rangi ya boneti imebabuka. Matairi ya mbele ni mapya kabisa, ya nyuma ni vipara. Anataka shilingi milioni 5. Mimi ninazo milioni 5 na nusu, na baada ya hapo naweza kutenga 200,000 kila mwezi. Nia yangu si kulifufua gari kwa mkupuo, bali kulitengeneza taratibu huku nikilitumia. Mama watoto anasema tuachane na makuukuu tutafute Toyota IST. Naomba ushauri: je, gari la namna hii linatengenezeka kwa kudunduliza, na kama linatengenezeka, shilingi ya kwanza iende wapi?

Spana14

Mwalimu, mimi ni fundi hapa hapa mjini. Linatengenezeka, ila mpangilio wa kazi hauchagui wewe, unachaguliwa na kile kinachoweza kuua injini kabla hujapata mshahara unaofuata. Rangi na kiyoyozi visahau kwa mwaka mzima.

Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda asubuhi na mapema na umwombe mzee asiliwashe kabla hujafika, kwa sababu injini ya moto huficha mengi. Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa imepoa. Ukiona maji yenye rangi ya chai ya rangi, ujue limekuwa likinyweshwa maji matupu ya bomba badala ya kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini. Kisha liwashwe, kifuniko kikiwa wazi, na utazame. Mapovu machache ya mwanzoni ni hewa iliyokuwemo. Lakini yakiendelea bila kukoma hata injini ilipopata moto, na maji yananuka moshi, hiyo ni gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake) imekwisha, na hapo mshukuru mzee, uage, uondoke. Ugonjwa huo ulizipa jina baya hasa injini za lita 2.5 za miaka ile. Za lita 2.0 zina nafuu, lakini injini yoyote iliyowahi kuchemshwa vibaya siiamini, iwe ya ukubwa gani.

Kuvuja oili kusikutishe mapema. Injini kama hii ya Subaru hulala, silinda mbili kila upande, kwa hiyo gasketi za kifuniko cha valvu zikichoka oili hudondokea ekzosi na kila ukisimama utasikia harufu ya kuungua. Hiyo ni kazi ndogo. Kama inavuja kwa mbele, basi ni sili, na hizo zibadilishwe siku ile ile ya kazi kubwa, yaani mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu ziende sawa na pistoni.

Hapa ndipo shilingi yako ya kwanza inapokwenda. Mkanda ule umekadiriwa kwenda kama kilomita 100,000. Muuzaji asipokuwa na ushahidi wa lini ulibadilishwa, uhesabu kwamba umekwisha, hata ukionekana mzima. Ukikatika barabarani, valvu hukutana na pistoni, na utakuwa umenunua chuma chakavu. Ukifungua, badilisha pamoja na tensha (kikaza mkanda), beringi zake, na pampu ya maji, kwa kuwa vyote vimekaa nyuma ya vifuniko vile vile na fundi utamlipa mara moja tu. Weka themostati halisi, yaani ile valvu inayofungulia kulanti injini ikipata moto. Zile ndogo za bei ya chini zimenirudishia wateja zaidi ya mara moja. Mwisho, mwambie fundi wako, kama si mimi, ajaze kulanti polepole na afungue kile kiparafujo cha kutolea hewa kilicho juu ya rejeta. Nimeletewa magari yaliyobadilishwa rejeta mbili yakiendelea kuchemsha, kumbe ni hewa tu imenaswa ndani.

KadiKwanza

Sitagusa injini. Linganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bodi na ile iliyo kwenye kadi ya gari, kisha fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini, maana magari ya umri huo mengi yamekwisha kufungwa injini ya mtumba bila kadi kurekebishwa, na siku utakapotaka kubadilisha jina TRA ndipo utakapogundua. Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa mwaka 2017, kwa hiyo asikubambikie mtu hadithi hiyo. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, ujirani usiwape haya.

MtuWaUrambo

Mwangaluka, Mwalimu. Ninaandika kutoka Tabora, na nimemiliki gari kama hilo, la umri huo huo, kwa miaka sita katika njia za mashamba ya tumbaku. Ndugu fundi amesema vizuri, lakini mimi kilichonishtua katika maelezo yako ni matairi.

Otomatiki ya namna hiyo, inayoendesha magurudumu yote manne, ina klachi ya sahani nyingi nyuma ya giaboksi, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Matairi mapya mbele na vipara nyuma maana yake mzunguko wa tairi haulingani, kwa hiyo klachi inateleza muda wote, hata kwenye lami kavu, na inajipika. Tofauti ya mzingo isizidi milimita 6 hivi. Fanya jaribio hili: mahali pakavu na pagumu, kata usukani mpaka mwisho, liache gari litembee polepole. Likishikashika na kurukaruka kama limefungwa breki, klachi hiyo imeanza kuumia. Mara nyingine kubadilisha mafuta ya giaboksi, zaidi ya mara moja, hulituliza. Mara nyingine hakuna dawa ila kufungua. Chini ya boneti mara nyingi kuna kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD. Ukiweka fyuzi hapo magurudumu ya nyuma huachiwa, na mrukoruko ukiisha umeshajua ugonjwa ulipo.

Kwa kuwa ya mbele ni mapya, nunua mawili tu ya aina na saizi ile ile. Hapo umeokoa fedha.

Kuhusu spea, mpya utazipata Kariakoo mtaa wa Gerezani, mtumba Ilala Shauri Moyo, na zote hutumwa kwa basi. Lakini usiagize kwa jina la gari peke yake. Tuma picha ya kifaa cha zamani pamoja na namba ya chesisi. Mimi niliwahi kupokea shokapu za toleo jingine na nikazigeuza kuwa pambo la banda la kuku.

Kutu pia uitazame chini, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Ziwa lenu ni la maji baridi, halina lawama. Magari mengine huja na kutu kutoka sehemu za theluji za Japani zinakomwagwa chumvi barabarani, au huipata Dar es Salaam kwa upepo wa bahari.

Na mama watoto hajakosea sana. IST zimo pia zenye kuendesha magurudumu manne, na Legacy yenyewe si gari la kunyanyuka. Kwenye makorongo tumbo litakuna. Inashika njia, haivuki mto.

MwalimuWaWikiendi

Nimerudi. Nilikwenda Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kijana wa gereji. Maji ya rejeta ni chai ya rangi kweli, ila mapovu yalikoma. Oili inatoka kwenye vifuniko vya valvu na kidogo kwa mbele. Kwenye kukata usukani linashika, si sana. Fyuzi ilipowekwa likaacha. Namba zote zimelingana na kadi. Nilimweleza mzee, bila kumvunjia heshima, kwamba mkanda, mafuta ya giaboksi na matairi mawili ni gharama ambazo 200,000 zangu za mwezi haziwezi kuzifikia kwa haraka. Alinyamaza kidogo, akasema milioni 4, na kwamba ule mwembe ulikuwa umeshaanza kulizoea gari. Spana14, naomba nafasi Ijumaa ijayo. Spea za mkanda nimeagiza na namba ya chesisi nimeituma.