Miaka miwili tunakodi vyombo vya muziki kwa mpwa wa mwenyekiti, mama yetu kapigwa shoti na maiki, na bado tunaambiwa tusubiri

Wakuu, nimejizuia wiki nzima nisiandike hili jambo. Leo nimeshindwa.

Sisi ni kikundi cha wapenzi wa muziki wa dansi, watu 23, tunakutana Magomeni uani kwa mwanachama mwenzetu. Si bendi ya kutafuta riziki. Kuna mwalimu mstaafu anapiga gitaa la solo, kuna dereva wa daladala, kuna mama wawili wa genge, kuna kijana wa tarumbeta anayefanya kazi bandarini. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, napiga besi. Tunapiga zilipendwa, tunakunywa chai, kila mtu anarudi kwake. Mchango ni elfu ishirini kwa mwezi. Magitaa na tumba ni mali ya watu binafsi, lakini spika, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) na maiki tunakodi, na hapo ndipo balaa lote lilipo.

Wiki mbili zilizopita, Jumapili, mvua ilinyesha asubuhi. Ua wa pale ni sementi na ulikuwa bado umelowa. Mama yetu mwimbaji, muuguzi mstaafu wa miaka 61, alivua kandambili kama anavyofanya siku zote akisimama kuimba. Akashika maiki, akasogeza mdomo. Nikasikia ukelele wa mtu. Maiki ilimng'ang'ania mkononi kwa muda ambao sitausahau, halafu akaanguka nayo juu ya viti. Nilikimbilia ukutani nikachomoa plagi kabla ya kumgusa. Alipelekwa zahanati, mapigo ya moyo yalikuwa yanakwenda mbio, na mdomo wa chini una alama ya kuungua yenye umbo la ule wavu wa maiki. Yuko nyumbani sasa, anaongea, anakula. Mumewe amesema hataki kumuona tena pale, na mimi sina neno la kumwambia.

Nikaifungua ile ekstensheni ya wenye vyombo. Ndani kuna nyaya mbili tu. Waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini, haupo, haujawahi kuwekwa. Plagi kwa nje ina pini zake tatu kama kawaida, soketi zake zina matundu matatu, lakini ya athi haikuungwa na kitu chochote.

Kwa wasiojua maiki inampigaje mtu shoti, ganda lake ni la chuma, na lile ganda limeungwa na bodi ya mikisa, yaani kasha lake la chuma, kupitia waya wa maiki yenyewe. Mikisa ikivuja umeme, athi ndiyo inayouchukua kuupeleka ardhini. Athi isipokuwepo, umeme unabaki kwenye bodi na kwenye maiki ukimngoja mtu. Volti 230, miguu mitupu, sakafu imelowa. Ipo swichi ya kukata umeme unapovuja, inakata kwenye miliampea 30, ni kidude kidogo tu cha kufunga kwenye boksi la umeme, na mimi ningekifunga bure.

Kinachoniuma ni kwamba niliiona hatari hii mapema. Miezi michache nyuma niliwaambia vijana wanaoleta vyombo kwamba mikisa inatetemesha mkono ukiigusa, nikaomba niifungue ile ekstensheni. Nikajibiwa: "Mkubwa, vyombo si vyenu, nyie pigeni muziki." Nikapeleka kwa kamati, kamati ikasema itaongea na mwenye vyombo. Mwenye vyombo ni mpwa wa mwenyekiti. Hilo la undugu hatukuwahi kutangaziwa kikaoni hata siku moja. Nimelijua msibani, nilipowakuta wamekaa mkeka mmoja wakipokea pole.

Na siku ya pili baada ya ajali kamati iliandika hivi kwenye grupu: pole kwa mama, wanachama wote wakumbuke kuvaa viatu. Viatu! Mtu kanusurika kufa, na mkosaji amekuwa yeye kwa sababu alivua kandambili.

Sasa tuje kwenye pesa, na naomba msome taratibu. Tunakodi mara mbili kwa mwezi. Kila mara ni 120,000 ya vyombo na 30,000 ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, jumla 150,000. Kwa mwezi ni 300,000. Tumefanya hivyo miezi 26 mfululizo. Hiyo ni 7,800,000. Nimeipata kwa kujumlisha daftari la mhazini, mstari kwa mstari, na mhazini mwenyewe amekiri hesabu ni hiyo.

Mimi na mwalimu wa solo tulizunguka Kariakoo siku mbili tukachukua profoma, yaani karatasi za bei, kwenye maduka matatu. Spika mbili za inchi 15 zenye amplifaya ndani, subwufa moja ya inchi 18, mikisa ya chaneli 12, maiki nne za waya, stendi, waya zote na ekstensheni mbili nzito zenye athi. Profoma ya katikati, na ndiyo tuliyoipenda kwa sababu duka linatoa waranti ya maandishi, ilikuwa 5,400,000. Maana yake tungeshakuwa na vyombo vyetu tangu mwezi wa kumi na nane, na miezi minane iliyofuata tungekuwa tunaweka akiba. Benki tuna 2,100,000. Kila mmoja akiongeza laki moja, hata kwa mafungu, inafika 4,400,000. Inabaki milioni moja, ambayo ni kodi ya miezi mitatu na kidogo. Hiyo ndiyo hoja tuliyoipeleka Jumapili iliyopita.

Katiba yetu inasema matumizi yoyote yanayozidi laki tano lazima yapitishwe na mkutano mkuu. Kukodi ni laki na nusu kila mara, kwa hiyo hakujawahi kufika mkutanoni. Kamati inasaini, imekwisha. Milioni saba na laki nane zimetoka kwetu bila mkono hata mmoja kunyooshwa. Sisi tukitaka kununua, ndipo katiba inatolewa kwenye bahasha na kusomwa kifungu kwa kifungu, akidi inahesabiwa, watu wawili wamechelewa kwa sababu ya foleni, kikao hakijatimia. Nimeshuhudia hilo mara tatu.

Safari hii akidi ilitimia. Wakaja na hoja nyingine.

Mmoja akasema tununue sabufa ya nyumbani, kuna zinazouzwa laki tatu zimeandikwa wati 5,000. Ndugu zangu, zile wati za kwenye boksi ni za kuuzia. Angalia nyuma ya chombo au kwenye karatasi yake wati zinazodumu, zile zinazoandikwa RMS, mara nyingi utakuta hazifiki hata sehemu ya kumi. Na uani hakuna kuta za kurudisha sauti. Kila ukizidisha umbali mara mbili unapoteza desibeli 6. Sabufa iliyojaza sebule haimfikishii sauti mtu aliyekaa mstari wa tatu nje, wacha tumba na besi zikianza.

Wa pili akasema tukimiliki vyombo tutapata matatizo ya kelele na watu wa mazingira. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015 na naziheshimu, baa kadhaa za jiji hili zimeshafungiwa. Lakini kanuni inashika kelele. Haiulizi spika ni ya kukodi au ya kununua. Tena anayepandisha sauti mpaka majirani wanatoka nje ni yule kijana wa mikisa, kwa sababu waya zake fupi zinamlazimisha kuweka spika nyuma ya waimbaji, maiki zinapiga mluzi, na anadhani dawa ya mluzi ni kuongeza sauti. Spika ikikaa mbele ya mwimbaji, ikatazama watu, mluzi unapungua wenyewe.

Hoja ya wapi vitakaa ni ya haki, siipuuzi. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, jeki za waya zinashika kutu, masika ndiyo usiseme. Lakini pendekezo la mwenyekiti ni stoo yake ya Kigogo, nyumba ya tatu kutoka bondeni. Kila mtu wa hapa anajua bonde la Msimbazi linafanya nini mvua zikizidi. Mafuriko ya Desemba 2011 nani amesahau? Mwenye ua tunaokutana amejitolea chumba chenye sakafu ya juu na mlango wa chuma, bure. Kamati ikasema "tutalitazama".

Kisha likaja lililonifanya nisimame. Mwenyekiti akasema kama tunang'ang'ania kununua, basi vinunuliwe kwa jina lake, kwa sababu kikundi hakijasajiliwa na hakina akaunti ya jina lake, pesa ziko kwenye akaunti ya mhazini. Yaani sisi tutoe laki laki, risiti ya EFD iandikwe jina la mtu mmoja, vyombo vilale kwake, na Jumapili ambazo hatupigi tujue vinakwenda wapi kwa kuuliza majirani. Kusajili kikundi ni kwenda kwa afisa maendeleo ya jamii na katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama. Kazi ya katibu. Miezi 26!

Mwalimu wetu wa solo ni mtu mpole sana, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alisimama akasema neno moja tu, "Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi," akakaa. Vijana wengine hawakumwelewa, kwa hiyo nalieleza hapa.

Muziki wa dansi wa mji huu umekuzwa na bendi ambazo vyombo vilikuwa mali ya mashirika. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila jumuiya ya wafanyakazi ilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika: ikaja JUWATA, ikaja OTTU, mpaka leo tunaiita Msondo Ngoma. Marehemu Muhidin Gurumo na wenzake walipohamia bendi ya Mlimani Park mwaka 1978, walihama na sauti zao, tungo zao na vidole vyao. Vyombo ni vya mwajiri, huondoki navyo begani. Mwanamuziki wa zama zile alikuwa na mshahara walau. Sisi hatulipwi, sisi ndio tunaolipa! Halafu bado tuwe wageni kwenye vyombo tulivyovinunua wenyewe?

Kura ikapigwa: 11 tununue kwa jina la kikundi, 9 tusubiri, watatu hawakupiga, mmoja wao ni mama aliyelala nyumbani na mdomo umevimba. Mwenyekiti akatangaza kwamba wingi unaotakiwa ni theluthi mbili, jambo limeahirishwa hadi mwakani. Katiba yetu inataja theluthi mbili kwa kubadili katiba tu. Kwa matumizi imeandikwa "wengi wa waliohudhuria". Waliohudhuria ni 22, na 11 ni nusu kamili, si wengi. Hapo nakubali tumekosa kura moja, sitadanganya. Lakini waseme hivyo, wasitulishe theluthi mbili. Na wakati huo huo wasiniambie vyombo vile vile, na ekstensheni ile ile, vinarudi Jumapili hii, kwa sababu ndicho walichoandika jana usiku kwenye grupu.

Nimewajibu wazi kwamba sichomeki gitaa langu pale. Nitakuja, nitakaa, nitaangalia kila plagi kabla haijaingia ukutani, na isiyo na athi haitaingia. Wakitaka kunitoa wanitoe mbele ya watu.

NYONGEZA: Naona wachangiaji wawili wanauliza kwa nini tusihame tukaanzishe kikundi kingine. Tumelifikiria. Shida ni kwamba 2,100,000 iliyoko kwa mhazini ni yetu pia, na ule ua, na yule mzee wa tumba ambaye hawezi kupanda magari mawili kufuata watu kwingine. Siko tayari kuwaachia.

Mwingine ameuliza kikundi kikivunjika vyombo vitakuwa vya nani. Swali zuri kuliko yote niliyoyasikia kwenye kikao chetu. Rasimu yetu ya kumiliki vyombo inasema vitauzwa na pesa igawanywe kulingana na mchango wa kila mtu kwenye leja, na anayejitoa mapema harudishiwi laki yake papo hapo, anasubiri mwaka. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kiliwatisha wale wawili waliokuwepo wasipige kura, nadhani tungeweka miezi sita.

Ombi langu kwenu: mwenye katiba ya kikundi, kwaya au klabu ya jogging inayomiliki vyombo kwa pamoja, aniwekee hapa kile kifungu cha mali na cha watia saini wa benki. Futeni majina, nahitaji maneno tu. Mkutano wa dharura tumeuomba kwa saini 12, zaidi ya nusu, na saini ya kumi na mbili ni ya mama yetu. Ameiweka kitandani leo mchana. Tunakutana Jumapili saa kumi jioni, kwa hiyo nikipata kabla ya Jumamosi usiku nitawahi kuchapa nakala 23.