Siku ya 9 baada ya kupandikiza nywele, kigaga kimetoka na unywele na damu, naombeni ushauri

Kijana wa Tabata
Habari za usiku wakuu. Naomba mnisaidie maana tangu asubuhi sijatulia hata kazini nimeshindwa kufanya la maana. Mimi mwanaume miaka 36, kipara kilianza kwenye panja nikiwa chuo, mzee wangu anacho na babu alikuwa nacho. Nimedunduliza miaka mitatu, mwezi huu nikaenda Istanbul, wakanipandikiza grafti 2,600, yaani vile vishina vya nywele, kwa ile njia ya kutoa kinyweleo kimoja kimoja kisogoni, nikarudi Dar siku ya nne. Leo ni siku ya 9.

Sasa mbele kote kumejaa vigaga vigumu vya damu iliyokauka na vinawasha kupita kiasi hasa usiku. Jana umeme ulikatika, joto la huku mnalijua, nikajikuta nimepitisha kucha usingizini. Asubuhi kwenye foronya nimekuta kigaga kama punje ya mchele, unywele umesimama katikati, na kichwani pale kilipotoka kuna kitone cha damu kimekauka. Roho imeniuma sana wakuu, hela yote ile na maumivu yote yale.

Nimewaandikia walionifanyia, tangu juzi naona tiki mbili tu hawajibu. Mama naye kaja na chupa ya mafuta ya nazi kachanganya na habasoda anasema nipake vilainike, sijui nimkatalie vipi. Kuosha kwenyewe naogopa, tangu nirudi nimeosha mara mbili tu. Hilo shina ndio limeenda?

Baba Nadia
Pole mkuu, nimepita hapo hapo mwaka juzi najua unavyojisikia. Tulia kwanza. Kigaga kutoka na unywele sio sawa na shina kutoka. Ule unywele wenyewe utapukutika tu hata usipougusa, kinachobaki ni kinyweleo chini ya ngozi. Ukifika siku ya 6 hivi ukiuvuta unywele mtupu shina haling'oki tena, hatari inabaki kwenye kigaga kilichoshikana sana na ngozi, maana ukikibandua kikavu kinaweza kwenda na shina, na hiyo hatari nayo inaisha kwenye siku ya 9, 10. Shina likitoka kweli unaona damu mbichi inachuruzika saa hiyo hiyo na chini ya unywele kuna kinyama laini chenye unyevu. Kiangalie hicho kigaga vizuri kwa tochi ya simu.

Ila kaka kosa lako kubwa ni hiyo ya kuosha mara mbili, ndio maana vimekuwa vigumu hivyo. Mimi nilikuwa naosha kila siku kuanzia siku ya tatu. Fanya hivi: ile losheni waliyokupa ipake nene juu ya vigaga, usisugue, iweke tu kama unapaka siagi kwenye mkate mlaini. Kaa nayo nusu saa. Chukua jagi la maji ya uvuguvugu, mimina taratibu kwa kikombe, sio bomba la mvua maana presha yake kali. Halafu shampuu isiyo kali, itoe povu mkononi kwanza, ndio uiweke kichwani uguseguse kwa nyama za vidole. Kucha kata leo leo. Kuanzia kesho siku ya 10 unaweza kuzungusha vidole kidogo kidogo, vitaachia vyenyewe. Kukausha gusisha taulo safi usifute. Na kama maji ya kwenu ni ya kisima yale ya chumvi, nunua maji ya dumu ya kuoshea kwa hizi siku chache.

Mswahili wa Kisauni
Pole sana ndugu yangu. Mie nilifanya pia, nikumbushe mambo mawili watu hawayataji. Kwanza sijda. Nilirudi kuswali kama kawaida siku ya tatu, uso ukavimba mpaka macho yakafumba, kumbe kuinama kunateremsha yale maji waliyodunga kichwani, na paji la uso nalo linasugua mkeka karibu na pale palipopandwa. Nikaswali kwa kukaa na kuashiria mpaka wiki ya kwanza ikaisha, mgonjwa ana ruhusa hiyo. La pili ulale chali, kichwa juu, mito miwili na ule mto wa shingo, ili usijigeuze ukajisugua. Na usiku vaa soksi safi mikononi ndugu yangu, hizo kucha hazitafika. Mie ndivyo nilivyopona na kujikuna.

Sista wa Wodi
Mimi ni muuguzi wa upasuaji. Kaka kuwashwa na uwekundu kidogo ni kawaida, ganzi kisogoni nayo inaweza kukaa wiki hata miezi. Lakini ukiona usaha, homa, maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, harufu, au ngozi inageuka nyeusi kama imeungua, usisubiri mtu akujibu WhatsApp, nenda hospitali siku hiyo hiyo umuone daktari wa ngozi. Ukiwa kaskazini, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kizima cha ngozi. Antibayotiki walizokupa maliza dozi hata kama unajiona mzima. Dawa ya kuwasha ipo ya vidonge, muulize mfamasia, umwambie na dawa nyingine unazotumia.

Mafuta ya mama usipake sasa. Mwambie kwa upole kuwa ni vidonda vidogo zaidi ya elfu mbili, na chupa ya jikoni haijachemshwa. Muombe akutunzie mpaka ngozi ifunge.

mkali255
Paka maji ya vitunguu mkuu nywele zinatoka wiki tu

Baba Nadia
@mkali255 hapana ndugu, hapo utamuunguza ngozi. Nywele hazitoki wiki. Wiki ya pili mpaka ya nane hivi hizi alizopandikiza zitapukutika karibu zote, mpya zinaanza kuchungulia mwezi wa tatu au wa nne, na picha kamili ni mwaka mzima. Namwambia mapema asije akalia tena humu.

Mama Keisha
Mimi ni mwanamke, nilifanyia Nairobi, nywele za mbele zilikwisha kwa kusuka kwa kubana tangu shule. Nataka kuongeza kitu kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Nilipotoboa masikio nilipata kovu la kuvimba, nikamwambia daktari, akanifanyia sehemu ndogo kwanza akasubiri miezi kadhaa kuona kama kichwa nacho kitavimba ndio akaendelea. Nywele zetu zimejikunja mpaka ndani ya ngozi, kuzitoa kunahitaji mtu mzoefu wa nywele zetu. Kwaiyo kaka pitisha kidole kisogoni kila wiki, ukihisi vinundu vigumu vinavyokua na kuwasha wahi, makovu hayo yakishughulikiwa mapema ni rahisi zaidi. Na mwezi wa pili wa tatu ukiona vipele kama chunusi usivitumbue, mimi nilikuwa naweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu vinaisha. Vikizidi nenda kwa daktari.

Kijana wa Tabata
Wakuu nimerudi, leo siku ya 13. Nimesoma kila kitu, asanteni sana mno. Kile kigaga nilikimulika, chini ya unywele pakavu kabisa hamna kinyama. Mke wangu ndiye ameniosha siku zote hizi, nimekaa kwenye kigoda uani yeye anamimina kwa kikombe, siku ya kwanza mikono ilikuwa inamtetemeka kuliko mimi. Siku ya 11 maji yalitoka na rangi ya kutu, vigaga vinaelea kwenye beseni kama makapi ya mchele, nikawa napumua kwa shida nikidhani nywele zote zinaenda, akanionyesha kioo, ngozi safi ya pinki na vinywele vifupi bado vimesimama. Mama amekubali, chupa kaifungia kabatini.

Swali la mwisho, Jumatatu narudi kazini na usafiri wangu ni bodaboda. Helmeti vipi?

Sista wa Wodi
Helmeti bado kaka, inabana na kusugua, na ile ya abiria imevaliwa na watu wengi kabla yako. Na bodaboda bila helmeti usithubutu. Panda daladala au bajaji mpaka mwezi utimie, vaa kofia pana isiyobana maana jua nalo halitakiwi, na gym na kuogelea baharini pia subiri huo mwezi.

Kijana wa Tabata
Sawa sista. Naondoka saa kumi na moja alfajiri basi, niwahi daladala kabla hazijajaa.