Stoo imejaa mpaka mlangoni: vitu vya kutoa nivitoeje?

Mkazi wa Tabata

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu. Ninaomba ushauri wa jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini nyumbani kwangu limekuwa zito. Tulihamia Tabata mwaka 2009 nyumba ikiwa bado haina dari, na chumba cha nne tukakifanya stoo kwa muda, mpaka ujenzi utakapokwisha. Ujenzi ulikwisha, stoo ikabaki. Sasa binti yetu mkubwa yuko kidato cha tatu, naye anasomea sebuleni huku wadogo zake wakiangalia televisheni, na nimemwahidi kwamba chumba kile kitakuwa chake kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka.

Jumamosi iliyopita nilifungua mlango nikaanza kuhesabu. Kuna masanduku mawili ya sare za vitenge, za harusi za ndugu na majirani, nyingi nimezivaa mara moja tu. Kuna hotpoti na seti za vikombe nilizotuzwa, nyingine bado zimo katika maboksi yake. Kuna friji lililokufa, TV ya chogo, deki ya video, feni tatu, baiskeli mbovu, makopo ya rangi, vitabu vya shule, na mafaili ya karatasi ambayo hata sijui yana nini. Masika yaliyopita maji yalipenya kando ya dirisha, na nilipofungua sanduku la chini nilikuta kuvu na kiota cha panya ndani ya vitenge nilivyokuwa nimevitunza kuliko vyote. Nilikaa nikalia.

Kinachonikwamisha si uvivu. Kila ninachokishika kina mtu nyuma yake: hiki alinipa shangazi, kile tulishona tulipomwoza mdogo wangu, kile mume wangu anasema kitatufaa siku moja. Lililo zito zaidi ni cherehani ya kukanyaga na kabati la mninga vya marehemu mama mkwe, aliyefariki mwaka 2016. Mume wangu anaona viuzwe, lakini wifi zangu hawajaulizwa. Nianzie wapi, vya zawadi nivifanyeje, na hivi vya umeme vilivyokufa vinakwenda wapi?

Mstaafu wa Ukonga

Marahaba, mwanangu. Anza na cherehani, lakini usiiguse. Nina maana kwamba kabla hujanyanyua hata beseni moja, mume wako awapigie simu dada zake, yeye mwenyewe na si wewe, awaambie kwamba mnataka kukifungua chumba na kwamba vitu vya mama vipo. Kisheria mali ya marehemu ni mirathi, hata ikiwa ni cherehani moja, na anayepaswa kuigawa ni msimamizi wa mirathi baada ya madeni kulipwa. Najua familia nyingi haziendi mahakamani kwa ajili ya vyombo vya ndani, huvimaliza katika kikao baada ya arobaini. Lakini kama kikao hicho hakikuvitaja vitu hivyo, bado si vyenu peke yenu. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kuzikana kwa sababu ya kabati lililouzwa kimya kimya, na fedha iliyopatikana haikutosha hata kununua lingine.

Mkiwa mnangoja majibu yao, toa visivyo na mtu nyuma yake. Makopo matupu, mifuniko isiyo na vyombo, mabeseni yaliyopasuka, maboksi, magazeti. Kazi hiyo haihitaji moyo, inahitaji mikono na gari la taka tu, na itakufungulia nafasi ya kupanga vingine. Watu wengi huanza na picha na nguo za watoto, wakaishia kukaa sakafuni wakikumbuka mpaka jioni, na siku ya pili hawarudi.

Kuhusu zawadi, nikueleze nilivyoamua mimi. Katika kutuzana kwetu deni haliko kwenye hotpoti, liko kwenye daftari. Kama umeandika nani alikutuza nini, ili siku yake nawe uende, basi heshima yake imetunzwa, na hotpoti yenyewe unaweza kumpa anayeanza maisha. Angalia jambo moja tu: usimtuze nayo mtu wa kundi lilelile la akina mama, kwa sababu aliyeinunua ataitambua na ataumia.

Kanga zitenge mbali na nguo nyingine. Kanga iliyochakaa ndiyo laini kuliko zote, na nyumba yenye mabinti itaihitaji siku ya uzazi. Zikiwapo doti za mama mkwe ambazo hazijakatwa, zikate, kipande kimoja kaa nacho na kingine umpe wifi yako. Mimi nilifanya hivyo kwa kanga za mama yangu, na mpaka leo mdogo wangu akija kwangu amejifunga ile yake.

Sasa karatasi. Hapa ninakusihi uwe mwangalifu sana, kwa sababu nilikosea. Mwaka niliostaafu nilipanga nyumba kwa hamasa kubwa, nikatoa mafaili ya marehemu mume wangu nikidhani ni kazi za ofisini, yakachomwa. Humo mlikuwamo barua ya toleo ya kiwanja chetu na stakabadhi za malipo. Nilihangaika muda mrefu kupata nakala, nikiapa mbele ya wakili na kurudi ofisi ya ardhi mara nisizoweza kuhesabu. Kwa hiyo pitia jalada kwa jalada, ukurasa kwa ukurasa, tena mchana, si usiku ukiwa umechoka. Barua za ardhi, mikataba ya mauziano iliyosainiwa serikali ya mtaa, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, vyeti vya shule, kadi za kliniki za watoto, stakabadhi za kodi ya majengo: hivyo vyote viingie kwenye sanduku moja la plastiki lenye mfuniko unaobana, liwekwe juu, mbali na sakafu, kwa kuwa unyevu wa Dar es Salaam haukawii kuozesha karatasi na mchwa hupanda kutoka chini.

Fundi friji wa Buguruni

Dada, nijibu la vitu vya umeme, kwa sababu ndiyo kazi yangu na ndipo ninapoona madhara mengi.

Friji usimpe anayepita mtaani kununua chuma chakavu kabla fundi hajalitazama. Mnunuzi wa chuma anachotaka ni kompresa na mabomba ya shaba, naye huyakata pale pale kwa msumeno. Majokofu ya zamani yana gesi ya R12, ambayo ndiyo iliyofanya nchi nyingi zikubaliane Montreal mwaka 1987 kuondoa gesi za aina hiyo, kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. Majokofu mapya mengi yana R600a, ambayo huwaka moto kwa urahisi, na kuikata karibu na jiko la mkaa ni hatari ya wazi. Fundi mwenye kifaa cha kuvutia gesi ataitoa, atanunua kompresa kama bado inafaa, kisha bodi ndiyo iende kwenye chuma. Na tangu siku friji linapotolewa nje, ng'oeni mlango. Watoto hucheza kujificha, na ndani ya friji lililofungwa hakuna hewa.

TV ya chogo ijaribuni kwanza. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na watu wengi wakadhani televisheni zao zimekufa, kumbe zilihitaji king'amuzi tu. Kama picha inatoka, kinyozi au mwenye genge ataipokea kwa furaha. Kama imekufa kabisa, kioo chake kisivunjwe, kwa sababu kina madini ya risasi ndani, na vumbi lake ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Feni zina mota zenye nyaya za shaba, na shaba ina bei kubwa kuliko chuma. Zitoeni mota, zipimwe peke yake, na mizani isomwe mbele yenu. Nyaya msizichome ili kupata shaba, kama vijana wengi wanavyofanya, kwa maana moshi wa plastiki ile ni sumu, na mwishowe huwarudia wenyewe na majirani. Simu za zamani zitoeni laini na kadi ya kumbukumbu, mfute picha na jumbe zenu. Betri iliyovimba msiitoboe wala msiitupe kwenye taka zinazochomwa.

Mfanyabiashara wa mitumba, Ilala

Dada yangu, nimekaa na nguo kwa zaidi ya miaka kumi pale soko la Karume, nikaunguliwa na moto wa Januari 2022 na kuanza upya, kwa hiyo ninajua thamani ya nguo kuukuu na ninajua pia mahali thamani hiyo inapoishia.

Nguo yenye kuvu ifuliwe kwa maji ya moto na ianikwe juani siku mbili. Harufu ikibaki, hiyo ni ya kupigia deki, usimpe mtu. Nguo za ndani usiziweke kwenye mfuko wa kutoa, kwani hata sisi sokoni Shirika la Viwango (TBS) limetupiga marufuku kuziuza zikiwa zimevaliwa. Viatu vifungwe jozi kwa jozi, kwa sababu kiatu kimoja kikipotea kingine hakina kazi. Usitegemee kwamba utapata fedha nyingi. Sisi hununua robota zilizokwisha kuchaguliwa, na mtu akileta mfuko wa nyumbani humpa kidogo sana, nami sioni vizuri akahangaika na nauli kwa ajili hiyo.

Sare za vitenge ni jambo jingine. Kitambaa chake bado ni kizima, ila mshono na mwili ndivyo vilivyobadilika. Kata zilizo pana upande wa sketi, umpelekee fundi cherehani wa mtaani akushonee foronya, mapazia ya jikoni, mifuko ya kwendea sokoni. Mimi ninayo mifuko minne ya vitenge vya harusi za wadogo zangu, na tangu mifuko ya plastiki ilipokatazwa Juni 2019 sijanunua mingine. Ukiingia sokoni mtu anakuuliza, hii si ya harusi ya fulani? Unajibu ndiyo, na mnakumbuka pamoja.

Ukitaka kuwapelekea watoto wanaolelewa vituoni, kama Makao ya Taifa ya Watoto Kurasini, piga simu kwanza uulize wanahitaji nini. Watu hupeleka magunia ya nguo zilizochanika, na walezi wanalazimika kulipa kuziondoa. Mtoto yatima naye anaona aibu kuvaa suruali isiyo na zipu. Sare za shule zilizo nzima uzitoe mwezi Desemba au mwanzoni mwa Januari, mzazi akiwa anahangaika, na umpe jirani faraghani, siyo mbele ya watu.

Afya ya jamii, Kinondoni

Ninaongeza moja tu. Mnapotoa vitu ndani, msivirundike nyuma ya nyumba vikingoja mnunuzi. Mbu anayeeneza homa ya dengi, ambayo ilitusumbua sana jijini mwaka 2019, huzaliana katika maji safi yaliyotuama kwenye makopo, ndoo na matairi, naye huuma mchana. Mayai yake huganda ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, kisha mvua ikinyesha yakaanguliwa. Kumwaga maji hakutoshi, chombo kisuguliwe kwa brashi au kiondoke kabisa.

Mkazi wa Tabata

Ninawashukuru kwa moyo wote. Zimepita wiki tatu, na niliona si haki kunyamaza baada ya kusaidiwa hivi.

Mume wangu alipiga simu. Wifi mkubwa alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba kwa miaka yote hii alikuwa akiitaka cherehani ile lakini aliona aibu kuuliza, asije akaonekana anadai mali. Alikuja Jumapili na guta kuichukua. Kabla hajaondoka aliketi, akakanyaga, na magurudumu yakazunguka, na wote tulisimama kimya tukasikiliza mlio tuliouzoea. Kabati wamekubaliana libaki kwetu, nasi tumelihamishia chumba cha binti yetu liwe la vitabu. Doti mbili nilizikata kama mama wa Ukonga alivyosema.

Kwenye mafaili nimepata mkataba wa mauziano wa kiwanja hiki hiki tunachokaa. Mume wangu alikuwa na hakika kwamba uko kabatini kwetu.

Friji limetolewa gesi na kuondoka. Vitenge vilivyoliwa na panya nimevitupa, na bado vinaniuma. Baiskeli imebaki, kwa kuwa mume wangu ameomba apewe mpaka Desemba kuitengeneza, na nimeona si vibaya, maana ukutani inaning'inia vizuri. Hotpoti tatu zimekwenda kwa msichana wa jirani aliyepanga chumba Kimara, na jina la shangazi limebaki kwenye daftari.

Jana binti yangu alipima ukuta wa dirishani kwa futikamba. Meza ya futi nne inaingia, na panabaki nafasi ya kiti.