Naomba ushauri: siku mbili za baiskeli Peak District (Uingereza) bila kupita barabara ya magari

Kijana wa Leicester:
Wakuu habari za majukumu. Mimi niko Leicester, nataka kwenda kutembea na baiskeli kule Peak District, ile hifadhi ya taifa yenye milima, wikiendi ya sikukuu ya mwisho wa mwezi wa nane. Sitaki kabisa barabara yenye magari, maana vile vibarabara vyao vya vijijini ni vyembamba, ukuta wa mawe kushoto, ukuta wa mawe kulia, halafu dereva anakata kona bila hata kupunguza. Nimeambiwa kuna njia za reli za zamani ambazo siku hizi ni za baiskeli na waenda kwa miguu tu. Mpango wangu Jumamosi tunapanda treni mpaka Bakewell, tunapiga Monsal Trail yote, tunalala, Jumapili tunaunganisha na Tissington Trail tunateremka nayo mpaka Ashbourne. Naomba kujua milima yake ikoje, gia ngapi zinatosha na tairi za aina gani. Tuko wawili, mimi na mgeni wangu toka nyumbani. Matusi hapana.

Chuma Ulete:
Watu wanatafuta hela ya kodi wewe unatafuta milima. Haya safari njema.

Mzee wa Gia:
Mkuu mimi niko Derby, hizo njia nazijua. Zote zilikuwa reli, na treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo walikata miamba, wakatoboa mahandaki na kujenga madaraja ili njia iende polepole. Ndiyo maana unakuta milima imekuzunguka pande zote ila wewe unapita katikati kama uko sebuleni. Monsal ni kama kilomita 14 hivi, ina mahandaki yaliyofunguliwa 2011, mchana yana taa, ila ndani kuna baridi hata kiangazi na maji yanadondoka kutoka juu, beba koti. Ukitoka handaki la Headstone unajikuta juu ya daraja refu, mto Wye uko chini kabisa, hapo kila mtu anasimama kupiga picha kwa hiyo breki ziwe karibu. Tissington ni kama kilomita 21, kutoka Parsley Hay kwenda Ashbourne ni mteremko karibu wote, ukianzia Ashbourne utapanda polepole mpaka miguu iulize unaenda wapi. Tairi nyembamba za mashindano acha nyumbani, kule ni kokoto za chokaa zilizosagwa, mvua ikinyesha unarudi mweupe mpaka masikioni.
Mgeni wako anajua baiskeli?

Bristol Babu:
Achana na Peak, njoo huku kwetu. Bristol mpaka Bath ni lami tupu kilomita 21, pembeni kuna mpaka treni ya mvuke. Ukifika Bath unaingia handaki la Combe Down, zaidi ya kilomita moja na nusu ndani ya mlima na katikati wanapiga muziki. Mimi nilimpeleka shemeji yangu akakataa kuingia, anasema handaki linaloimba lina wenyewe.

Kijana wa Leicester:
Asante sana @Mzee wa Gia. Mgeni anajua vizuri tu. Vipi kuhusu gia?

Mzee wa Gia:
Gia inategemea mgeni. Ana umri gani? Baiskeli ni yake au ya kuazima?

Kijana wa Leicester:
Ni mtu mzima, ana afya. Tujikite kwenye swali wakuu.

Nyoka wa Kibisa:
"Mtu mzima ana afya." Huyu ni mchepuko. Kijana sema tu ukweli tukushauri vizuri na hoteli.

Buda wa Naivasha:
Si mkuje Kenya buda, hapa Hell's Gate unaride katikati ya punda milia na twiga, hakuna matatu, hakuna handaki. Mimi nilienda na mabeshte, tairi ikapasuka mbali na geti, pampu hatuna, nyani wakakaa pale kando wanatuangalia tu ni kama wamelipia tiketi.

Mzee wa Gia:
Kijana, nakuuliza umri kwa sababu Monsal na Tissington HAZIUNGANI. Kutoka Bakewell kwenda Parsley Hay lazima uingie barabarani, unapanda kwa kupitia Monyash, na huko ni mlima wa kweli na magari na matrekta. Ukisema uzungukie upande wa Buxton nako kuna kupanda. Kuna mpango wa kuziunganisha njia zote za kule ziwe duara moja, ila bado kuna mapengo. Sasa huyo mgeni ni nani?

Kijana wa Leicester:
Sawa. Ni mama mkwe. Kaja kutusalimia toka Shinyanga, ana miaka 58, na msije mkaanza, huyu mama kaendesha baiskeli maisha yake yote, mtungi wa maziwa nyuma, barabara ya vumbi, mimi mwenyewe simfikii ila kwa kupumua tu. Mke wangu yuko zamu wikiendi hiyo hospitali, mama anakaa ndani anaangalia ukuta. Vyumba nimelipia VIWILI na hela hairudi.
Na baiskeli tayari nimetoa kishika uchumba, ni moja, ya watu wawili.

Nyoka wa Kibisa:
Moja ya watu wawili 😂😂😂😂 nimekaa paleee

Chuma Ulete:
Kishika uchumba cha baiskeli ya mama mkwe. Mods msiufunge huu uzi.

Mama Tatu:
Mwanangu naongea na wewe kama mama. Mkwe ni mtu wa heshima, kwetu sisi hata njiani mkikutana unampisha. Sasa wewe utampa mgongo siku mbili, jasho linakutoka, fulana imepanda, unahema mbele yake? Na ukimweka mbele ndio mbaya zaidi, utamwangalia wapi? Mkeo anajua hili?

Kijana wa Leicester:
Mama Tatu shikamoo. Mke wangu anajua tunaenda na baiskeli. Idadi ya baiskeli hakuuliza. Na mama mwenyewe kakubali, tena kanunua suruali ya kuvaa ndani ya gauni. Sababu ya baiskeli moja ni usalama, huku wanapita kushoto sawa na nyumbani ila akipotea mimi nitamwambia nini baba mkwe? Tukiwa kwenye chuma kimoja hawezi kupotea.

Fundi Spoku:
Kitaalamu anayekaa mbele ndio anashika usukani, breki na gia, wa nyuma anakanyaga tu na kuvumilia. Pedali zenu zimeungwa kwa mnyororo, mmoja akiacha kukanyaga mwingine anajua saa hiyo hiyo. Kwa hiyo heshima yako yote itapimwa kwenye mnyororo. Mimi na mke wangu tuliikodisha siku moja, tulirudi kila mtu na basi lake.

Kiroboto:
Wakuu mnapoteza muda. Mmesoma uzi vizuri? Kasema anapanda TRENI mpaka Bakewell. Bakewell haina treni tangu miaka ya 60, hiyo Monsal Trail ndiyo reli yenyewe iliyong'olewa! Mtu anayekaa Leicester angejua. Halafu mama wa Shinyanga kanunua suruali ya baiskeli. Hii ni chai, tena haina hata tangawizi. Angalieni akaunti imefunguliwa lini.

Nyoka wa Kibisa:
Wiki hii. Daaah. Na mimi nilishaanza kumpenda mama mkwe.

Mama Tatu:
Kama ni uongo Mungu anakuona. Kama ni kweli ushauri wangu uko pale pale.

Kijana wa Leicester:
Akaunti nimefungua kwa ajili ya kuuliza hili, kuna dhambi gani? Na treni sijapanda, nimesema nataka kupanda. Ramani imeandika Hassop STATION, iko hapo hapo kwenye njia karibu na Bakewell. Mimi nikaona station nikajua kuna treni, nani asingejua?

Mzee wa Gia:
Kiroboto taratibu, hilo kosa wanalifanya hata Waingereza. Hassop ni stesheni kweli, ila ya zamani, sasa hivi ni mgahawa. Hiyo reli ya kupita Monsal waliifunga 1968, miaka ile walipofyeka reli nyingi baada ya ripoti ya 1963 ya Beeching, bosi wa reli enzi hizo.
Kijana sikiliza. Treni inaishia Matlock, unabadilisha Derby. Halafu usitegemee kupakia hiyo baiskeli ndefu, makampuni mengi ya treni hayaipokei kabisa, na ile treni kubwa ya London hata baiskeli ya kawaida unakata nafasi mapema. Nendeni mikono mitupu, Matlock mnapanda basi mpaka Bakewell, mnakodisha pale pale Hassop, mnaenda mwisho wa Monsal na kurudi siku hiyo hiyo. Ya pili mpate mtu mwenye gari awashushe Parsley Hay, kuna ofisi ya hifadhi inakodisha, mteremke Tissington mtakavyo. Ila mkumbuke aliyeteremka atapanda kurudisha baiskeli. Na usije ukadanganywa kuanzia Cromford kwa sababu ina stesheni, ile reli ya zamani ya High Peak inayoanzia hapo ni ya 1830, mabehewa yalikuwa yanavutwa kwa kamba na injini iliyokaa juu ya mlima. Penye mwinuko mkali inapanda kama mita moja kila mita nane. Hapo na mkwe mtashuka msukume.

Kijana wa Leicester:
Kukodisha nimekuelewa mkuu lakini kishika uchumba nimeshatoa. Na mama kashaiona picha, kasema anakaa mbele.

Kiroboto:
Tuwekee picha ya baiskeli basi.

Kijana wa Leicester:
Sijaichukua bado, iko kwa muuzaji Loughborough. Nyekundu, gia 21, tairi pana, kiti cha nyuma kimechanika kidogo.

Bristol Babu:
Ingekuwa Bath ungeweka hata matairi membamba.

Fundi Spoku:
Gia 21 tairi pana, anauza bei gani? Mimi niko Nottingham, kama unaiacha nipe namba ya muuzaji inboksi nimalizie hela iliyobaki, yako nikurudishie.