CRF250L: niweke 13 mbele au niongeze meno ya nyuma? Njia ya Engaruka mpaka Ngare Sero

vumbi_la_Arusha
Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki Honda CRF250L ya 2014, sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni) bado zile za kiwandani, meno 14 mbele na 40 nyuma, cheni imeshavutika na meno ya nyuma yameanza kulala upande mmoja kwa hiyo seti nzima inatoka, ndo nikaona kabla sijaagiza niulize kwanza. Siku za wiki niko nayo hapa mjini na mara mojamoja Moshi, lami tupu. Wikiendi naitoa Mto wa Mbu naingia Engaruka mpaka Ngare Sero, begi mbili nyuma na mara nyingine mke wangu kapanda. Shida iko kwenye ile michanga ya majivu ya mlima wa volkano wa Lengai na kwenye makorongo, gia ya kwanza naiona ndefu mno, nikitembea polepole inataka kuzima, basi nashika klachi nusu muda mrefu mpaka harufu inapanda, na gia ya pili mchangani haivuti kabisa. Lami sina lalamiko, gia ya sita inatembea 90 mpaka 100 vizuri tu. Fundi mmoja kasema weka 13 mbele umemaliza, mwingine kasema mbele usiguse weka 43 nyuma. Nimsikilize nani na nitapoteza nini barabarani?

cheni_520
Mkuu hao mafundi wamekuambia kitu kilekile. Chukua meno ya nyuma gawanya kwa ya mbele, hiyo ndo hesabu yote ya sproketi. Ya kwako sasa 40 kwa 14 ni 2.86. Ukiweka 13 mbele inakuwa 3.08, ukiweka 43 nyuma inakuwa 3.07, yaani gurudumu halitajua umebadilisha ipi. Jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma hivi, kwa pikipiki nyingi za aina hii.

Unachopata ni nguvu karibu asilimia 8 zaidi kwenye kila gia na unachotoa ni mzunguko wa injini kupanda asilimia hiyohiyo kwa spidi ileile. Tuseme kwa 100 injini ilikuwa inazunguka 7,000, sasa itakuwa kama 7,500. Kwa safari ya Moshi utaisikia kwenye miguu na mikono, injini haitakufa kwa hilo.

Tofauti ya mbele na nyuma iko kwenye uchakavu na mfuko. Sproketi ya mbele bei yake ndogo na kwa Honda hiyo inashikwa na kile kibamba na bolti mbili kama boda nyingi, unatoa kava unabadilisha nyumbani. Lakini ikiwa ndogo cheni inakunjwa kwa nguvu zaidi kila inapoizunguka na pini zinachoka mapema, halafu cheni inashuka karibu na swingamu, ule mkono wa nyuma, inakula ile plastiki ya juu yake. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu ambaye hajui bado anataka nini: nunua 13 kwanza, itembelee na hiyo cheni kuukuu kabla hujaitupa, ukiipenda ndo uagize seti mpya ya 14 na 43. Usiweke sproketi mpya na cheni kuukuu ukategemea ikae, cheni iliyovutika inazikata ndani ya muda mfupi, hapo ni kwa kujaribu tu.

msafiri_wa_Chalbi
Boss salamu kutoka Nairobi. Mimi niko na Suzuki DR650, yangu ilitoka na 15 mbele 42 nyuma, na nikitoka Marsabit kwenda North Horr kupitia Maikona na Kalacha huwa naweka 14. Sitaki maneno mengi, kwa mchanga hiyo jino moja inabadilisha kila kitu, kwa sababu mchangani siri ni kukaa gia ya pili au ya tatu bila kuguza klachi, ukiweza kupunguza na kuongeza mwendo kwa mkono wa kulia pekee gurudumu la mbele linabaki jepesi na pikipiki inajinyoosha yenyewe. Ukilazimika kurudi gia ya kwanza kila mara, mbele inazama. Kwa hivyo usipime hiyo gearing, yaani huo uwiano wa meno, kwa gia ya kwanza tu, pima kama gia ya pili imeanza kufanya kazi.

Na upunguze upepo wa tairi kabla ya kulaumu sproketi. Kuna watu wanabadilisha meno na shida ilikuwa tairi imejazwa kama ya lami.

makete_juu
Naomba niongeze la milima maana wengi wanalisahau. Mimi nakaa huku kusini, kupanda Kitulo kutoka Isyonje unafika juu ya mita 2,500 na hewa ni nyepesi, injini inapoteza nguvu hata kama ni ya injeksheni, ile kompyuta inapima petroli iendane na hewa lakini hewa yenyewe haiwezi kukuongezea. Pikipiki ndogo inayovuta vizuri Dar inakuja huku inakohoa kwenye gia ya tatu. Kwa 250 yenye mizigo na abiria, wala usifikirie mara mbili, fupisha gia kwa sproketi. Mimi yangu ipo kwenye 3.08 mwaka wa pili na mvua ikinyesha ule utelezi napanda gia ya kwanza taratibu kama natembea kwa miguu, klachi nimeiachia yote. Hapo awali nilikuwa naunguza klachi vilevile kama wewe.

Ila sikiliza kuhusu spidi mita kaka, kwenye CRF250L spidi inasomwa kwenye giaboksi, haisomwi gurudumu la mbele. Ukibadilisha meno itakudanganya.

vumbi_la_Arusha
Asanteni sana, mmenifungua macho. Dada makete_juu hilo la spidi mita ndo nalisikia leo. Sasa nikiongeza nyuma badala ya mbele si itabaki sahihi? Na itanidanganya kwenda juu au chini, maana kule kwenye vibao vya 50 na tochi za trafiki sitaki matatizo. Pia cheni niagize ndefu kiasi gani kama nyuma ni 43?

cheni_520
Haibaki sahihi mkuu, sensa iko kabla ya sproketi zote mbili kwa hiyo 13 mbele au 43 nyuma kosa ni lilelile. Itasoma juu. Ikionyesha 80 wewe uko kama 74, na spidi mita nyingi zinasoma juu kidogo tangu kiwandani, kwa hiyo kwa tochi uko salama. Balaa liko kwenye kilomita. Ikikuandikia umetembea 200 ujue umetembea kama 186, na tangi la hiyo pikipiki halifiki lita 8. Ukipiga hesabu ya mafuta kwa kilomita za zamani utajikuta umesimama katikati ya Engaruka na Ngare Sero unatafuta petroli ya chupa. Tembea na lita za akiba, au gawanya kilomita inazokuonyesha kwa 1.08 upate za kweli. Vipo vile vifaa vidogo vya kurekebisha, vinachomekwa kwenye waya wa sensa, ila vinaagizwa nje. DR650 ya ndugu yetu wa Nairobi haina shida hii, yake inasoma gurudumu la mbele.

Cheni sasa. Hiyo ni 520, pini mpaka pini ni milimita 15.875. Kila jino unaloongeza, nyuma au mbele, linavuta ekseli mbele karibu milimita 4. Meno matatu ni milimita 12, sasa nenda kaangalie ekseli yako ilivyokaa kwa cheni mpya ya urefu wa kiwandani, kama hakuna nafasi ya kusogea mbele milimita 12 basi agiza yenye pingili mbili zaidi, maana pingili zinaongezwa mbilimbili. Ukichukua ndefu ni rahisi kukata, fupi huna la kufanya. Na hakikisha umeandika 520 kwenye oda, 525 ni urefu uleule wa pingili ila pana zaidi, na 428 za boda hazina undugu kabisa na sproketi zako, ndo kosa linalofanyika dukani kila siku.

msafiri_wa_Chalbi
Ongezea hapo kwa kukaza. Usikaze cheni pikipiki ikiwa imesimama tupu halafu upakie mizigo na mama watoto. Mwambie mtu mzito akae, au funga mkanda uvute nyuma chini mpaka sproketi ya mbele, pale swingamu inapofungwa kwenye fremu na ekseli zikae mstari mmoja, hapo ndo cheni inakaza zaidi ya pote. Hapo iwe bado inacheza kidogo. Ikiwa imekaza kama waya kwa hiyo nafasi, bonde la kwanza litavuta beringi za giaboksi.

makete_juu
Na majivu ya kule ni kama msasa, usipake oili nzito cheni ikiwa na vumbi. Ifute kwanza kwa mafuta ya taa na kitambaa, petroli usiiguse kama cheni ina o-ringi, vile vipete vya mpira kwenye pini, halafu oili namba 90 kidogo upande wa ndani, usiku, ili asubuhi iliyozidi iwe imeshadondoka. Cheni yangu inakaa muda mrefu kwa hilo tu.

vumbi_la_Arusha
Nimewaelewa. Nimepata 13 leo pale kwa fundi, itaenda na cheni kuukuu mpaka Engaruka wikiendi ijayo, upepo wa tairi nitapunguza nikiacha lami Mto wa Mbu, na nitapima gia ya pili kama alivyosema wa Nairobi. Ikivuta naagiza 14 na 43 na cheni ya 520 yenye pingili mbili zaidi. Bado swali moja, plastiki ya swingamu yangu ina mfereji wa kama nusu ya unene wake, itavumilia safari moja ya 13 au niibadilishe kabla?

cheni_520
Nusu inatosha kwa safari moja, ila ukirudi iangalie, ikishatoboka cheni inaanza kukata aluminiamu yenyewe. Weka mpya pamoja na seti.