Ala ya nyuzi 32, nusu fidla nusu ukulele: nianzie wapi?

MkaziSouthB: Wakuu, nimepata ala ya mbao kwenye mnada hapa Nairobi. Nyuzi 16 kulia, 16 kushoto, na karatasi iliyochakaa imeandikwa Ukelin. Nyuzi 9 zimekatika, pini kadhaa za kukazia nyuzi zinazunguka bure, upinde haupo. Nyuzi za gita zitafaa?

FundiNyuzi: Jina ni ukulele na violin yameunganishwa. Mkono wa kulia unasugua nyuzi za wimbo kwa upinde, wa kushoto unadonoa makundi manne ya nyuzi nne nne. Ziliuzwa Marekani nyumba kwa nyumba tangu miaka ya 1920, si adimu hata kidogo. Kama umetozwa bei ya piano, pole.

Usikaze chochote bado. Gonga ubao wote kwa kifundo cha kidole. Panapotatarika, gundi imeachia. Ukikaza nyuzi kabla ya kubandika, kiungo kitafunguka chote.

Nyuzi za chuma za gita zinafaa, ila kile kishanga cha mwisho wa uzi hakiingii kwenye kimsumari cha kutundikia. Kisukume kitoke, kitanzi kibaki, hicho ndicho unachotundika. Pima unene wa uzi wa zamani kwa maikromita, usikisie. Zilizobaki badilisha mmoja mmoja. Ukizilegeza zote pamoja, ubao ukizoea kukaa bila mvuto utakusumbua wiki nzima kutyuni.

Ganuni_Eastlands: Hizo pini usizigongelee kwa nyundo, utapasua kipande kilichozishika. Zungusha moja itoke, funga kiukanda cha msasa laini, upande wa mchanga ukigusa mbao, irudishe. Ufunguo uwe wa kichwa cha mraba. Koleo hula kona, na pini ikishakuwa duara haishikiki tena. Januari na Februari mbao hukauka na pini hulegea zenyewe, kwa hiyo usiiweke dirishani.

Singa: Upinde mfupi wa fidla ya mtoto unatosha. Singa mpya, yaani nywele za upinde, hazilii hata kidogo mpaka uzipake rozini, ule utomvu mkavu wa msonobari, mara ishirini hivi kwenda na kurudi. Ikikwaruza, ama unakandamiza ama unagusa nyuzi mbili.

MkaziSouthB: Nimegonga. Inatatarika kona ya chini kushoto. Epoksi?

FundiNyuzi: Hapana! Gundi inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama, ipakwe ikiwa moto. Siku moja utataka kufungua tena, na hiyo huachia kwa maji ya uvuguvugu. Bana kwa klampu, acha saa 24, ndipo utundike uzi wa kwanza.