Bili ya umeme imeruka, nauliza mmeikokotoaje, najibiwa "punguza matumizi"

Wakuu, nina hasira, na uzi huu utakuwa mrefu.

Bili iliyokuja safari hii ni kubwa kuliko yoyote tuliyowahi kulipa katika nyumba hii. Hatujanunua kifaa kipya, hajaongezeka mtu, wala hatujabadili namna tunavyoishi. Nimepiga simu huduma kwa wateja na swali moja tu: hii namba mmeipataje? Nikaambiwa nipunguze matumizi. Nikarudia swali. Nikaambiwa mfumo ndio umekokotoa. Sasa mfumo si unakokotoa kile ulicholishwa? Nani kaulisha, lini, na alikuwa amesimama mbele ya mita yangu au amekaa ofisini?

Ikabidi nitoe bili zote za nyuma, nizipange mezani na kuzisoma mstari kwa mstari. Kumbe jibu lilikuwa limeandikwa pale pale, kwa herufi ndogo kabisa pembeni ya namba ya mita: "kadirio". Mwezi baada ya mwezi hakuna aliyekuja kusoma mita. Walikuwa wanabuni uniti kwa kutazama matumizi ya zamani, na walikuwa wanabuni chini. Safari hii msoma mita amefika, akakuta namba halisi imeshatangulia mbali, na pengo lote la miezi hiyo wakalitupa kwenye bili moja.

Kuna atakayesema: si umeme umeutumia? Lipa. Ndiyo, nimeutumia, na siombi bure hata uniti moja. Lakini bei ya umeme wetu ni ya madaraja. Uniti za mwanzo za mwezi zina bei ya chini, ukivuka kiwango fulani zinazofuata zinakuwa ghali. Hapo ndipo ninapoibiwa, na nawaomba mfuate hesabu hii taratibu.

Chukua nyumba inayotumia uniti 120 kila mwezi. Uniti 100 za kwanza zina bei ya kawaida, kila uniti inayozidi hapo inatozwa mara mbili. Ikisomwa vizuri kila mwezi, italipa sawa na uniti 100 za bei ya kawaida, na zile 20 zilizozidi zinahesabika kama 40. Jumla 140. Kwa miezi mitatu ni 420.

Sasa nyumba hiyo hiyo ikadiriwe uniti 70 mwezi wa kwanza na 70 mwezi wa pili. Mwezi wa tatu mita inasomwa kweli: zimetumika 360, zimelipiwa 140, zimebaki 220. Wanazitoza zote 220 kana kwamba zimetumika ndani ya mwezi mmoja. Mia moja kwa bei ya kawaida, 120 kwa bei ya mara mbili, jumla 340. Jumlisha na zile 70 mbili, unapata 480.

Umeme ni ule ule, 360. Bili sahihi ni 420, wao wamechukua 480. Hizo 60 ni malipo ya nini? Ni malipo ya uzembe wa mtu aliyetakiwa kuja kusoma mita akakaa kwake. Na katika miezi ile ya kadirio, nafasi ya bei nafuu ambayo nyumba haikuitumia imepotea, hairudishwi mwezi wa tatu. Hapo sijahesabu kodi, ambayo inapanda pamoja na jumla. Na mtu wa simu ananiambia nizime taa!

Tena tusidanganyane kuhusu taa. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila siku kwa siku 30 inakula uniti 1.35. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima, basi, hakuna siri nyingine. Zidisha wati kwa saa, gawa kwa 1,000. Pasi ya wati 1,000 kwa saa moja, uniti moja. Birika la wati 2,000 kwa dakika 6 ni uniti 0.2.

Penye kula ni kwenye joto, hasa maji. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 kunahitaji karibu uniti 4.7, na hapo sijaweka joto linalopotea tangi likikaa bila kutumiwa. Ukifanya hivyo kila siku unafika uniti 140 kwa mwezi kwa maji peke yake. Kwa hiyo mwenye tangi la maji ya moto aanzie hapo kabla hajaanza kugombeza watoto kuhusu chaja ya simu.

Friji ndiyo inayowachanganya wengi. Watu wanachukua wati zilizoandikwa nyuma yake wanazidisha kwa saa 24, wanapata namba ya kutisha. Compresa, yaani mota inayoifanya friji ipoe, haizunguki muda wote, inawaka na kuzima. Kama friji ina lebo ya nishati inayotaja uniti kwa mwaka, gawa kwa 12, utakuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa chumba chenye joto au mpira wa mlango uliochoka utaongeza.

Nilifanya hesabu hiyo kwa kila kifaa hapa nyumbani. Nilipata makisio yanayokaribiana na bili zetu za zamani, za wakati mita ilipokuwa ikisomwa kweli, na yako mbali kabisa na hii waliyoleta. Ndiyo maana siwezi kukubali neno "matumizi".

Wengine mtaniuliza kama mita ni nzima. Nimeipima, na nanyi mnaweza. Mita nyingi za kidijitali zina kitaa kidogo kinachopepesa, na pembeni pameandikwa imp/kWh, mara nyingi 1000 au 1600. Hiyo ni idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Zima vifaa vyote, acha kimoja cha wati 1,000 unachokijua, kwa mfano hita isiyojizima yenyewe. Kwenye mita ya 1000 kitaa kipepese mara moja kila sekunde 3.6 hivi. Kikipepesa haraka zaidi ya hapo kwa tofauti kubwa, ama mita ina kasoro ama kuna kitu kingine kinavuta. Kisha zima swichi kuu. Kitaa kikiendelea kupepesa hapo, ita fundi, huenda kuna waya umeunganishwa kati ya mita na swichi yako na jirani anastarehe.

Na tafadhali, msinitumie matangazo ya vile visanduku vya kuchomeka ukutani eti vinapunguza bili. Mita ya nyumbani inahesabu kilowati-saa, yaani zile uniti, ulizotumia kweli. Kisanduku hicho hakigusi namba hiyo, kinamgusa aliyekinunua.

Jambo jingine linaloniudhi ni kwamba bili haziji kwa vipindi vilivyo sawa. Moja ya siku 28, nyingine ya siku 35, halafu wanachora kagrafu kanakoonyesha "umeongeza matumizi". Gawa uniti kwa siku ndipo ulinganishe. Na madaraja nayo yanapaswa kufuata siku. Kama kiwango ni uniti 100 kwa siku 30, kwa siku 35 kiwe karibu 117. Angalieni bili zenu kama kuna aliyefanyiwa hivyo.

Nimewaandikia barua, siyo simu tena. Nimeambatisha picha ya mita inayoonyesha namba yote na tarehe, na orodha ya bili zote zilizoandikwa kadirio. Ninachotaka ni uniti za bili hii zigawanywe kwa miezi zilipotumika, kila mwezi ukokotolewe upya kwa madaraja yake, na nipewe karatasi ya hesabu ninayoweza kuirudia kwa kalamu. Kiasi nisichobishania nimekilipa, ili wasipate sababu ya kunikatia, na risiti nimeitunza.

Aliyewahi kurekebishiwa bili ya namna hii aandike hapa. Walikubali kugawanya kwa miezi, au walirudisha kiasi cha kukunyamazisha tu? Na fedha ulipewa mkononi au zilikatwa kwenye bili iliyofuata?